Hatua Mia Tatu na Kumi na Mbili

Tarehe 4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karakana ni salama na mafriji ya watu yanapona mikononi mwako. Mimi ni mzima. Chumba nilichopewa kiko nyuma ya chuo, kina dirisha moja na kitanda kinacholalamika kila nikijigeuza. Nimeona niandike, maana kwenye simu unanijua: "ndiyo", "hapana", "haya", halafu wewe unauliza kama bado nipo.

Bibi hajambo? Nimemaliza mwezi sasa bila kusikia kikohozi chake asubuhi na masikio yangu hayajazoea. Msomee barua hii polepole, usirukeruke. Mwambie bado nahesabu. Toka kitandani kwangu hadi mlango wa kazini ni hatua mia mbili na sita, kwa hiyo mia tatu na kumi na mbili zetu bado zinaongoza. (Wewe hujui utani huu. Nikitoka shule nilikuwa nampitia kule kiwandani anakoshona magodoro. Saa kumi anachomeka sindano kwenye kola, tunatoka, jua likiwa usoni, na tunahesabu kwa sauti hadi mlangoni kwetu. Nikikosea ananirudisha mwanzo.)

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa. Naogopa utacheka. Nachunga sisimizi.

Ni sisimizi wenye miguu mirefu, wanaoishi kwenye uwanja wa udongo mkavu nyuma ya maabara. Bosi wangu tunamwita Daktari, ni mama mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na kila siku anautafuta ule wa kichwani. Anasema ubongo wa sisimizi mmoja hauzidi punje ya sukari. Lakini sisimizi huyo akitoka shimoni hutangatanga huku na huku, kama mtu aliyesahau alichotumwa, na akishapata chembe ya biskuti hafuati tena ile mizunguko yake. Ananyooka moja kwa moja hadi kwake. Njia nzima alikuwa anapima mwanga wa angani na kuhesabu hatua zake.

Pia kuna Fundi, kijana mkimya karibu kama mimi, anayetengeneza kigari tunachokiita Kobe. Anataka Kobe arudi nyumbani kwa akili ndogo kama ya sisimizi, mahali ambapo hakuna mtandao wala ramani.

Kazi yangu ni hii. Sisimizi akishika biskuti namwingiza kwenye kichupa, nampeleka kwenye uwanja wa pili, namwachia. Yeye hajui kwamba amebebwa. Anakimbia umbali ule ule, upande ule ule ambao ungemfikisha nyumbani kama nisingemgusa. Halafu anasimama. Hakuna shimo. Anaanza kuzunguka, mzunguko mdogo, kisha mkubwa, kisha mkubwa zaidi, na mimi nachora njia yake kwenye karatasi ya miraba. Dakika kumi zikiisha namrudisha kwao.

Daktari anasema hajapotea, hesabu yake ni sahihi kabisa. Mimi nikimtazama naona amepotea. Sijui nani kati yetu anaona vizuri.

Mpwa wako,
Kimya


Tarehe 21 Februari

Mpwa wangu Kimya,

Marahaba sana. Barua yako ilikaa juu ya friji la mteja siku tatu kabla sijaiona, mteja akaanza kuisoma, nikamnyang'anya akiwa amefika kwenye biskuti. Anakusalimu.

Mimi sijambo, mgongo tu. Fundi friji ni mtu wa kuinama mpaka siku anayolazwa chali. Mambo mengine yanakwenda.

Kwa hiyo tulikusomesha miaka yote ile ukachunge sisimizi! Majirani wakiniuliza nitasema mpwa wangu ni mfugaji, sitataja ukubwa wa mifugo. Lakini nimeifikiria sana hiyo habari. Ndani ya friji kuna kidude kidogo tu, kikipoa kinajikunja, kikipata joto kinajinyoosha. Hakijui nyama wala maziwa, na bado chakula hakiozi. Labda sisimizi naye ana kidude. Labda sote.

Bibi anakula vizuri. Amenenepa kidogo mashavuni.

Huko kwako kuna baridi? Usilale na dirisha wazi.

Mjomba wako


Tarehe 9 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo vipi? Hapa si baridi. Ni vumbi, linaingia hadi kwenye mswaki.

Mjomba, umesema Bibi anakula vizuri, na nimefurahi. Lakini hukuandika alichosema. Bibi hajawahi kukosa la kunisema. Hata nilipokuwa kambi ya shule siku nne, mwishoni mwa barua yako alitaka uandike kwamba miguu yangu ni kama ya korongo na nisiiaibishe ukoo kwenye mbio. Hizo mia tatu na kumi na mbili ulimsomea? Hakucheka?

Kazini mambo ni mazuri, au wao wanaona ni mazuri. Daktari amepanga karatasi zangu ukutani. Wiki tatu za mwisho sisimizi wamebadilika. Wakifika pale ambapo nyumba ingekuwa, hawazunguki tena dakika kumi. Wanazunguka kidogo, wanatulia mahali pamoja, na wanakaa. Daktari alisimama mbele ya ukuta ule akauma ncha ya miwani. "Wanajua wakati wa kuacha," alisema. "Binti, unaona? Punje ya sukari, na inajua wakati wa kuacha kutafuta!" Fundi tayari ameanza kumfundisha Kobe na yeye aache. Wageni watakuja kumwona mwishoni mwa Aprili.

Daktari alinishika bega akasema nina jicho zuri. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia viatu vyake.

Nataka kukuuliza jambo. Nina rafiki yangu kazini, simtaji. Amefanya jambo dogo kwa huruma, si kwa ubaya. Sasa wakubwa wamelijenga jambo hilo wakaweka na paa juu yake. Hajasema uongo hata neno moja. Hakuulizwa tu. Je, aseme?

Mpwa wako,
Kimya


Tarehe 26 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo umehamia begani, sijui unatafuta nini huko.

Kuhusu huyo rafiki yako. Nimeanza barua hii mara mbili nikaitupa. Ni rahisi kumwambia mtu wa mbali kwamba ukweli ni mzuri, utamweka huru, na kadhalika. Lakini nami nina rafiki. Rafiki yangu huyo alimhamisha mtu kwa nia njema, na pia kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, na hakumwambia mtu wa tatu, ambaye yuko mbali na ndiyo kwanza ameanza kazi. Alisema atamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ina tabia ya kusogea. Kwa hiyo mwambie rafiki yako kwamba rafiki yangu hana jibu, ila usingizi wake si mzuri.

Bibi yuko. Nilimsomea barua. Alisikiliza hadi mwisho akauliza imeandikwa na nani.

Kisha akasema uvae sweta.

Mjomba wako


Tarehe 8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nitakuwa mfupi.

Mwezi uliopita, nilipoona salamu za Bibi hazinifikii, nilimwandikia mwenyewe, kwenye anwani ya nyumbani, nikidhani labda unasahau kumsomea. Leo bahasha imerudi. Tarishi ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Nyumba haipo."

Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena. Hakuandika kwamba mtu hayupo. Ameandika nyumba haipo. Sielewi nyumba inawezaje kutokuwepo. Kuta nilizichora kwa mkaa, wewe ulinichapa kwa ajili ya zile kuta.

Rafiki yako alimhamisha nani?

Kimya


Tarehe 17 Aprili

Kimya, mwanangu,

Sijui pa kuanzia, kwa hiyo naanza na nyumba.

Uliondoka Jumatatu. Alhamisi walikuja watu wa barabara na mashine. Alama nyekundu ilikuwa ukutani tangu mwaka jana, unaikumbuka, Bibi alikuwa anaifunika na nguo alizoanika. Tulidhani watakuja baada ya miaka, wanavyofanya siku zote. Mtaa mzima ulikwisha kwa asubuhi moja. Kiwanda chake cha magodoro nacho kilikwenda. Nilimleta kwangu na sanduku lake na ile cherehani. Nilijiambia, mtoto ndiyo kwanza amepata kazi, akijua atapanda basi la kwanza arudi. Ndiyo sababu. Sababu nyingine ni kwamba niliona haya. Ni nyumba ya mama yangu, na nilisimama pembeni nikitazama.

Sasa nikuambie lililobaki. Tangu aje, saa kumi inapogonga anasimama. Haijalishi anafanya nini. Anatoka mlangoni anakwenda. Mara ya kwanza tulimtafuta hadi jua likazama. Nilimkuta anapapasa ukuta wa upande wa kibanda cha kinyozi, ukuta mtupu usio na mlango, anatafuta komeo. Kinyozi ni mtu mwema, alimwambia, "Karibu ndani, mama, ukae." Bibi akamjibu, "Karibu wapi? Wewe unafanya nini mlangoni kwangu na hiyo mashine? Nyoa watu kwenu!" Hata yeye mwenyewe aliyetukanwa alicheka. Mimi sikucheka.

Nikafunga mlango kwa kufuli. Akakaa nyuma ya mlango akiita jina la mama yako. Marehemu dada yangu, nani atamfungulia? Nikafungua.

Nilikuwa nasema anapotea. Nilimwambia kila mtu, mama amechanganyikiwa, anatangatanga. Halafu nikairudia barua yako ya kwanza, ile ya kichupa. Jana nikamfuata kwa nyuma kama mwizi. Hatangatangi, Kimya. Anatoka mlangoni kwangu kama anavyotoka kiwandani, jua usoni, moja kwa moja. Midomo inacheza. Nikasogea karibu. Anahesabu. Alipofika mia tatu na kumi na mbili akasimama, akageuka kushoto, akanyoosha mkono. Hatua zake zimekuwa fupi siku hizi, lakini hesabu hajaipunguza hata moja.

Nilisimama pale barabarani, mtu mzima, nikashindwa kusogea.

Wewe unafanya kazi na viumbe hawa. Niambie la kufanya. Nikimshika mkono mara moja nimrudishe, anapigana nami. Nikimwacha atafute, anapapasa ukuta ule mpaka vidole vinachubuka. Nimewahi kumdanganya kwamba mlango unapakwa rangi turudi kesho. Aliniamini, na hilo lilikuwa baya kuliko yote.

Mjomba wako


Tarehe 3 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za maabara, na Fundi alipopita aliniuliza kama nimepigwa na jua. Nikasema ndiyo. Sijakasirika. Yaani, nimekasirika, lakini sijui nimkasirikie nani. Wewe ulikuwa unanificha mimi, mimi nilikuwa nakuficha wewe, na alama nyekundu niliiona kwa macho yangu nikaondoka.

Kwanza nikueleze yangu. Rafiki yule ni mimi. Nadhani ulijua.

Mjomba, nilichimba shimo. Katikati ya Februari kulikuwa na sisimizi mmoja mwenye nukta ya rangi ya bluu niliyompaka mwenyewe. Alizunguka dakika kumi zote bila kuiachia biskuti yake, na kila mara alirudi pale pale, pale ambapo pangekuwa kwao, kama anayesema labda sikuangalia vizuri. Sikuweza. Siku iliyofuata nilikwenda mapema, nikatoboa tundu mahali pale kwa kijiti, nikaweka ndani yake udongo kidogo kutoka kwenye shimo lao la kweli, ili unuke kwao. Walipofika, walizunguka kidogo wakaingia. Wakatulia. Muda ukiisha niliwatoa na kuwarudisha kwao. Kwenye karatasi nilichora kile walichofanya, kwa uaminifu, mstari kwa mstari. Shimo tu ndilo sikulichora.

Kobe alijaribiwa siku tisa kabla ya wageni. Alikwenda vizuri, akageuka vizuri, akafika katikati ya uwanja ambako hakuna kitu, akazunguka mara mbili, akawasha taa yake ya kijani. Taa hiyo maana yake nimefika. Fundi alimfungua usiku na mchana. Alibadilisha nyaya. Siku ya nne nilimsikia anamwambia Daktari, "Labda mimi ndiye sifai kazi hii." Barua yako ilifika adhuhuri ya siku hiyo.

Niliingia ofisini. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja kwa sababu najijua. Jasho likayafuta. Nikasema, "Kulikuwa na shimo." Daktari akasema, "Shimo gani?" Nikasema, "Langu."

Alinisikiliza. Alivua miwani yote miwili. Nilitegemea afoke, nilikuwa tayari kwa kufoka. Akauliza, "Kwa nini?" Nikamwambia nilitaka wapumzike.

"Walipumzika?"

"Sijui. Walitulia."

"Si kitu kimoja," akasema. Mwisho akaniambia nizishushe karatasi zote, arubaini na saba, na juu ya kila moja niandike kwa mkono wangu: "Palikuwa na shimo." Nilimwuliza kama baadaye nizitupe. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Utupe nini? Hicho nacho ni kitu walichofanya." Wageni aliwaandikia wasije. Fundi hajaniambia neno lolote, lakini jana aliweka kikombe cha chai mezani kwangu, na sijui kama ni msamaha au alikosea meza.

Mvua zimeanza na sisimizi wamejifungia chini. Miezi mitatu ya kazi haiwezi kurudiwa mpaka udongo ukauke. Daktari amesema niende nyumbani, tutaona msimu ujao. Sijui "tutaona" yake ni ya aina gani. Alisema pia hivi, na nimekuwa nikiigeuza kichwani: "Kwenye daftari ulidanganya. Kwa sisimizi, sina hakika ulifanya nini."

Sasa la Bibi. Umeniuliza la kufanya kwa sababu nafanya kazi na viumbe hawa. Mjomba, sijui. Nilichojifunza ni kwamba anayebebwa hakosei. Anakwenda sawasawa, ila kutoka mahali ambapo si penyewe. Zaidi ya hapo nilichofanya ni kuchimba shimo, na unaona lilivyotufikisha.

Lakini nimefikiria jambo moja, nalo linanichanganya kwa sababu linafanana sana na kosa langu. Tofauti labda ni kwamba safari hii nitakuwa ndani ya shimo mimi mwenyewe. Labda hiyo si tofauti. Niambie kama nakosea, ila usiniambie kabla sijajaribu.

Nakuja Jumamosi. Usije kunipokea stendi. Na Bibi usimwambie kitu, wala usifunge mlango. Saa kumi ikifika mwache atoke, na wewe baki na mafriji yako. Mwombe tu kinyozi aniazime kigoda, na umwambie asicheke.

Nitakuwa nimekaa pale chini ya ukuta. Atakuja na jua usoni, kwa hiyo hataniona mpaka afike. Akimaliza hesabu yake atageuka kushoto na kunyoosha mkono, na kwenye mkono huo kutakuwa na mtu. Akiniuliza nafanya nini mlangoni kwake, nitamwambia leo nilitangulia.

Mpwa wako,
Kimya